Mafuta Kwenye Ndevu za Mahindi

Fundi Saa aliwaona viwavi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeingia bustanini na kioo cha kukuzia jichoni. Alikuwa amekisahau tu. Alikuwa kibandani kwake mbele ya nyumba, amekibana kile kioo cheusi kwenye jicho la kulia, akitafuta ugonjwa wa saa ya mteja. Mgongo ukamuuma, akapita jikoni akatokea uani ajinyooshe. Akainamia mhindi wa kwanza. Jani likamjia kubwa kama pazia la dirisha, na pazia lilikuwa na matundu.

"Mwanangu!" aliita. "Njoo huku. Wanatula!"

Binti yake alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwoka mikate. Kila siku alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi mchana, nyusi zikiwa bado na unga. Alifunua moyo wa ule mmea, pale majani machanga yanapochipuka yakiwa yamekunjana, akaona vumbi la kahawia lililolowa kama unga wa mbao. Katikati yake kulikuwa na kiwavi amejikunja, mnene, ameshiba.

"Wamefika wapi?" aliuliza.

"Sijui. Nimemwona huyu nikakuita wewe."

"Mimi ndiye nani, baba? Mimi najua mikate."

"Na mimi najua saa."

Wakatazamana juu ya ule mmea. Aliyeyajua mahindi walikuwa wamemzika wakati mihindi hiyo haijafika hata magotini.

Hayakuwa mahindi ya dukani. Yalikuwa mahindi matamu, yale yanayochemshwa mabichi, ukiyang'ata yanakurukia maziwa mpaka kidevuni. Mbegu yake marehemu alipewa na mama yake alipoolewa. Kila mwaka alipanda nyuma ya nyumba, na kila mwaka aliyaacha mahindi machache, yaliyojaa na kunyooka mistari, yakauke palepale kwenye bua, kisha akayapukuchua yawe mbegu ya mwaka unaofuata. Majirani walipewa ya kula. Ya kupanda hakuna aliyewahi kuomba, kwa hiyo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Na mwaka huu alipanda yote, hakubakisha punje. "Mahindi hayapendi upweke," alisema, akisukuma udongo kwa nyayo. "Ukiyapanda machache yanazaa mapengo."

Basi yote yaliyokuwepo ya mbegu ile yalikuwa hapo uani, mbele yao, yana matundu.

Binti alikwenda kuchukua majivu jikoni, maana alikumbuka kumwona mama yake akiyanyunyiza kwenye mioyo ya mihindi. Fundi yeye alirudi kibandani, akatoka na kibanio chake cha kushikia skrubu ndogo, na kopo la maji ya sabuni. Akaanza mstari wa kwanza. Aliufungua kila moyo taratibu kama anayefungua saa ya ukoo, akachungulia kwa kioo, akambana kiwavi nyuma ya kichwa, akamtumbukiza.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha jirani yao. Mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hazimiki, na habari husomwa hata kama hakuna anayesikiliza.

"Fundi! Hao wadudu unawang'oa meno?"

"Nawatoa."

"Mmoja mmoja?"

"Kwani saa huwa natengeneza kwa fungu?"

"Mimi ningewapiga dawa mara moja, wafe wao na ukoo wao."

"Halafu ukija na sufuria yako kuomba mahindi, nikupe na dawa yake?"

"Tumbo langu ni la chuma, jirani."

"La chuma hushika kutu. Lilete nilitie mafuta."

Redio alicheka mpaka ukuta ukapoteza vipande vya udongo. Binti naye alicheka, akamwona baba yake anatabasamu pembeni mwa kioo, akaogopa hata kusogea asije akalifukuza lile tabasamu. Hakuwa ameliona tangu mazishi.

Kwa majuma kadhaa kazi ikawa hiyo. Asubuhi Fundi alipita na kibanio kabla ya kufungua kibanda. Mchana binti alipita na majivu na mchanga mkavu. Majani mapya yakatoka mazima. Mihindi ikawapita viuno, ikawapita mabega, ikatoa mashada yake kileleni. Kila upepo ulipopita, vumbi la manjano lilimwagika kutoka kwenye mashada na kutua juu ya kila kitu: majani, kamba ya nguo, ukingo wa pipa la maji. Kisha mahindi yenyewe yakaanza kujitokeza ubavuni mwa mabua, membamba, kila moja na kishungi cha ndevu laini zenye rangi ya kijani kilichopauka.

Jioni moja Fundi alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akasema bila kugeuka, "Mama yako angefurahi."

"Anafurahi, baba."

"Nikiyafikisha haya mpaka mbegu, nitajua angalau hakupanda bure."

Wote wawili walijua jinsi ilivyokuwa. Marehemu alianza kulalamika tumbo wakati mvua ziko karibu. Mumewe alimwambia twende tukapimwe. Mkewe akamwambia, "Ngoja nimalize kupanda, udongo umeshalowa. Tumbo halihami." Akangoja. Siku zote alikuwa mtu wa kufuata maneno ya mkewe. Akampandia naye mistari miwili, wakimalizia ule wa ukutani, chini ya kivuli cha nyumba ya Redio. Walipofika kwa daktari, daktari aliwatazama kwa upole na kuwauliza kwa nini walichelewa.

Baada ya ndevu kutoka, binti alipita duka la pembejeo akitokea kazini. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimuuliza mahindi yamefikia hatua gani, akatikisa kichwa.

"Sasa ndipo mtakapomjua adui wa kweli. Wa majani ni mwizi wa kuku. Huyu wa hindi ni mwizi wa ng'ombe. Nondo anataga kwenye ndevu. Kifunza kikianguliwa kinashuka nazo mpaka ndani, kinakaa humo kinakula, na wewe nje unaona hindi zima."

"Nifanyeje? Sitaki sumu."

"Mafuta. Ya kupikia, safi, matone machache pale ndevu zinapoingilia. Kifunza kikipita kinazibwa pumzi. Lakini usiyatie sasa. Subiri ndevu zianze kukauka na kuwa kahawia. Umenisikia? Subiri."

Binti alifika nyumbani akamweleza baba yake yote, wakiwa mezani. Fundi alisikiliza mpaka neno la mwisho, akasukuma sahani yake.

"Subiri mpaka lini?"

"Mpaka zianze kukauka. Siku chache tu, baba."

"Na nondo naye ameambiwa asubiri?"

"Subira huvuta heri."

"Tulisubiri sisi," Fundi alisema. "Ikavuta kaburi."

Binti aliondoa sahani, akaziosha polepole kuliko zilivyohitaji.

Kesho yake mchana alirudi na mkate chini ya kwapa. Kibandani hakukuwa na mtu. Saa zilikuwa zikigonga zenyewe ukutani, kila moja na wakati wake. Alipita jikoni. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa mezani, imefunguliwa. Akatoka uani mbio.

Baba yake alikuwa ameshafika mstari wa mwisho, ule wa ukutani. Kioo jichoni. Mkononi alishika kile kidude chembamba cha kudondoshea mafuta kwenye vyuma vya saa. Binti aliutazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila kishungi kilikuwa kinang'aa kwenye jua, kimeshikamana kama nywele za mtoto aliyepakwa mafuta aende kupigwa picha.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimewahi."

"Nilikwambia tusubiri!"

"Ninayaona mayai yake. Haya hapa, njoo uone kwa kioo, meupe, madogo kuliko punje ya chumvi. Wewe huyaoni, mimi nayaona. Nikae niyatazame?"

"Alisema zianze kukauka kwanza!"

"Katika kazi yangu," Fundi alisema, akiinyanyua sauti ambayo kwa kawaida haikuvuka meza, "mafuta hutiwa kabla chuma hakijaanza kulia. Kikishalia kimeshalika. Fundi anayengoja saa isimame ndipo aitie mafuta, huyo si fundi, ni mwuza vyuma chakavu."

"Na katika kazi yangu mimi unga ukiutia tanurini kabla haujaumuka, unatoa tofali! Hayo si saa, baba. Na ule... " Alijikamata. Alitaka kusema, na ule wa mama haukuwa uzembe wako. Badala yake alimshika mkono, akamtoa kile kidude vidoleni. "Mstari huu uache. Nakuomba. Huu mmoja tu. Ndevu zake hata hazijatoka vizuri, uko kivulini."

"Utaliwa."

"Uliwe."

Fundi alitoa kioo jichoni. Kulibaki duara jekundu kuzunguka jicho. Alimtazama binti yake kama mteja aliyekataa ushauri, akaingia ndani.

Kesho yake binti alirudi kwa yule muuzaji. Alikuwa na haraka ya kusikia kwamba si kitu.

Muuzaji aliweka chini kopo alilokuwa akilipanga. "Mlizitia zikiwa bado mbichi? Zote?"

"Isipokuwa mstari mmoja."

"Mwanangu, sikiliza. Kila udevu unaouona pale ni punje moja. Umeanzia kwenye punje, umetoka nje kutafuta lile vumbi la juu. Vumbi likiugusa, punje inajaa. Ukiupaka mafuta kabla, vumbi linateleza, na ile punje haizaliwi. Hindi linakua, linavaa maganda yake, linasimama. Ndani gunzi tupu."

"Hakuna cha kufanya? Nikiziosha?"

"Huwezi kuziosha." Alimwona binti alivyobadilika uso, akalainisha sauti. "Huenda baadhi zilikuwa zimeshapata vumbi. Ngojeni muone."

Binti alirudi njia nzima akilibeba lile neno, na mlangoni akaona haliwezi kuingia. Angesimama vipi mbele ya mtu yule amwambie, baba, ngojeni muone? Alimkuta kibandani anafunga mkanda wa saa ya mtoto wa shule, anampigia mtoto hadithi za saa iliyomezwa na jogoo. Akampita kimya. Akasema moyoni atamwambia kesho.

Kesho ikawa na mkate wa kuungua. Iliyofuata ikawa na mgeni. Na kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu, kwa sababu baba yake alikuwa anapona.

Lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho. Alianza tena kunyoa. Aliimba kooni, si wimbo, kitu kama injini ya mbali. Kila asubuhi alikagua mistari yake iliyopakwa mafuta, na kwa kweli haikuwa na mdudu hata mmoja: maganda ya kijani, yamebana, hayana tundu wala uchafu. Mstari wa ukutani, ambao haukupakwa, ulikuwa unatia aibu. Ndevu zake zilikatikakatika, na kwenye ncha za mahindi kulijaa ule uchafu uliolowa, wenye harufu ya kitu kitamu kinachooza.

"Redio!" Fundi aliita siku moja mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Panda juu uone. Unaona hii? Na unaona ile ya binti yangu?"

"Loo! Ile imekuwa hoteli ya wadudu," Redio alisema. "Wanalala na kula."

"Mwambie yeye. Mimi nilimwambia."

"Binti, msikilize mzee wako. Asiyesikia la mkuu..."

"Nimesikia," binti alisema.

Usiku hakulala vizuri. Asubuhi ya mapumziko yake, baba yake akiwa na mteja, aliingia katikati ya mistari mizuri, akalishika hindi moja kupitia maganda, kama alivyokuwa akifanya mama yake kupima kama limekomaa. Vidole vikazama. Akashika la pili. La tatu. Yalikuwa kama mikono ya koti lililotundikwa. Kisha akaenda ukutani, akalishika hindi lililochafuka ncha. Chini ya uchafu, chini ya alipofika funza, vidole vyake vilikutana na punje, ngumu, zimepangana.

Akasimama pale, kiganja kimelizunguka, akilia bila sauti ili mteja asisikie.

Jioni hiyohiyo Fundi alitoka uani na panga.

"Unakwenda wapi na panga, baba?"

"Naukata ule mstari. Wale wadudu wakikomaa watashuka ardhini wageuke nondo, wapande kwenye mistari mizuri. Nimevumilia vya kutosha kwa ajili yako. Usikasirike."

"Usiukate."

"Mwanangu, mbegu ya mama yako iko huku. Siwezi kuihatarisha kwa ajili ya ubishi wako na wangu."

"Haiko huko."

Alikuwa ameshainama kushika bua la kwanza. Akainuka. "Haiko nini?"

Binti alisogea akasimama kati yake na ukuta. Alikuwa amelipanga hili kwa maneno mengi laini, na hata moja halikumjia. "Mbegu haiko kwenye ile mistari, baba. Iko huku. Hii iliyoliwa. Kule hamna kitu ndani."

"Nani kasema?"

"Nimeyashika. Na nilimuuliza yule muuzaji. Ndevu zilikuwa bado zinangoja lile vumbi la mashada. Mafuta yakalizuia. Nilijua muda wote huu. Sikuweza kukwambia."

Fundi aliliweka panga chini kwa uangalifu, makali yakitazama ukuta, kama mtu anayeweka kitu cha mteja ambacho hataki kukiharibu. Akaenda mstari wa kwanza. Akashika hindi zuri kuliko yote, lile alilomwonyesha Redio, akalivunja, akarudisha maganda nyuma. Maganda yalilia yakitoka. Ndani kulikuwa na gunzi jeupe, laini, limejaa vishimo vidogo vidogo vya punje ambazo hazikuja. Karibu na kitako punje mbili tatu zilikuwa zimejaa, peke yazo, kama meno ya mzee.

Akavunja jingine. Akavunja jingine. Binti alimwacha; kisha alipoona haachi, akamfuata na kumshika mabega kwa nyuma.

"Inatosha, baba."

"Hapana. Nikimrudishia mtu saa yake namwonyesha kilichoharibika. Nionyeshe na mimi." Lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Aliligeuza lile gunzi upande huu na upande huu. "Nilingoja nikamuua. Sikungoja nikamuua tena."

"Hukumuua. Alikwambia ngoja, ukangoja. Ni yeye aliyetaka."

"Ningemkatalia."

"Mama? Nani aliwahi kumkatalia mama?"

Sauti iliyotoka kifuani mwa Fundi ilianza kama kicheko, na ikaishia pengine. Akakaa chini palepale kwenye udongo kati ya mistari, na binti yake akakaa karibu naye, magunzi meupe yametapakaa miguuni mwao. Fundi alilia kama watu wasiozoea wanavyolia, kwa shida, akipumzika katikati. Mazishini alikuwa na kazi: kupokea watu, kuuliza kama viti vimetosha, kumtafutia mzee mmoja dawa ya presha. Hapa hakukuwa na kazi. Binti alimwegemea begani, naye akaegemea kichwa chake juu ya kichwa cha binti, mpaka giza lilipoanza kuyaficha majani.

"Yamebaki mangapi huko?" aliuliza hatimaye.

"Machache. Mengine wameshayamaliza."

"Yataota?"

"Sijui, baba. Sitakudanganya tena."

Kuanzia hapo walifanya kazi kwenye mstari mmoja tu. Hawakuweza kutia kitu, wakati ulikuwa umepita, kwa hiyo walifanya ambacho mikono inaweza. Fundi alifungua ncha ya kila hindi kwa kibanio, akamtafuta funza katika ule uozo, akamtoa bila kujeruhi punje zilizo chini yake. Harufu ilikaa vidoleni hata baada ya sabuni. Binti alikata sehemu iliyooza, akafunga maganda kwa uzi wa kushonea ili mvua isiingie. Kuna hindi moja walilifungua wakakuta funza ameshashuka mpaka kitako. Fundi alilishika kwa muda, akaliweka kando, akaendelea na linalofuata.

Hakuna aliyeonja hata punje mwaka huo. Yale machache yalikuwa ya mbegu, na mengine hayakuwa na cha kuonja.

Mabua ya mistari mizuri yalipoanza kukauka, Redio alichomoza ukutani, na mkononi alishika sufuria, akiigonga kwa kijiko.

"Jirani! Huu mwaka mnanificha? Maji yamechemka, yanauliza mahindi yako wapi. Na usinipe yale ya hotelini, nipe yale yako ya mafuta."

Binti alikuwa akianua nguo. Alisimama na shati mkononi. Redio ndiye mtu wa mwisho ambaye ungetaka ajue jambo. Ukimwambia leo, kesho utaambiwa na mwuza maziwa. Alifungua mdomo aseme ni wadudu, wadudu wameyamaliza, lakini baba yake alimtangulia.

"Mwaka huu hupati, jirani."

"Wadudu?"

"Hapana. Wadudu niliwashinda." Fundi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imelegea ubavuni. "Niliyaharibu mwenyewe. Nilitia mafuta kabla ya wakati, nikayazuia kuzaa. Binti alinikataza. Ni matupu yote."

Kijiko kilinyamaza. Mdomo wa Redio ulibaki wazi, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakukutoka kitu.

"Yote?" aliuliza baadaye, kwa sauti ambayo hawakujua kama anayo.

"Isipokuwa huu ulio chini yako."

Redio alitazama chini, upande wao wa ukuta, akayaona yale mahindi yaliyofungwa nyuzi kama vidole vilivyoumia. "Na ile mbegu ya shemeji?"

"Ndiyo hiyo hapo. Kama itakuwepo."

Kichwa kikatoweka. Wakamsikia akiweka sufuria chini, na mlango wake, halafu mlango wao. Aliingia uani na panga lake, mikono ya shati imekunjwa. Hakusema pole. Alisema, "Mzee huwezi kukata mabua yote haya na mgongo huo," akaanza mstari wa kwanza.

Fundi akaenda kuchukua panga lake. Walikata pamoja, mmoja huku mmoja huku, na mabua yaliyoanguka yalikuwa mepesi, yalitoa mlio wa karatasi. Binti aliyakusanya na kuyarundika kando ya pipa. Redio alisema maneno machache tu: shikilia hapo, angalia mguu, sogea. Jasho lilikuwa limeshamlowesha alipomaliza mstari uliofuatana na wa ukutani, na kwa sababu mkono uliokwisha kukamata mwendo hausimami wenyewe, alishika bua lililofuata, akainua panga.

Fundi alimshika kifundo cha mkono.

"Huo bado," alisema.

Redio alishusha panga. Akarudi nyuma hatua moja, akiangalia asikanyage chochote, akaufuta uso wake kwa kwapa la shati, na wote watatu wakabaki wamesimama kwenye udongo mtupu mbele ya ule mstari, ambao ulikuwa mfupi kuliko walivyokuwa wakiuona siku zote.